Baba kapata kiharusi, ndugu wanataka tumtoe hospitali akakandwe kijijini. Naombeni ushauri

Ngosha wa Mbagala
Habarini za jioni wakuu, niende moja kwa moja. Mzee wangu ana miaka 63 yupo Sengerema, Jumamosi kaamka mdomo umeenda upande, mkono na mguu wa kulia havinyanyuki, na maneno hayatoki, yani unaona kabisa anajua anachotaka kusema ila kinatoka kingine. Mpaka anafikishwa hospitali ilishakuwa jioni na presha ikakutwa 210/120. Kalazwa, daktari kasema ni kiharusi na anataka kumpa rufaa aende Bugando kule Mwanza akapigwe CT scan (picha ya ndani ya ubongo) maana pale hawana. Baba mdogo na shangazi wamegoma, wanasema karushiwa kitu, kuna mzee kijijini anakanda kwa maji ya moto na mizizi na watu wanatembea, Bugando tutamaliza hela bure kwa sababu siku zimeshapita. Mimi niko Dar, mdogo wangu ndo anamuuguza, anamnywesha uji kwa kijiko ila anasema mzee anakohoa kila akimeza na leo sauti imekuwa kama ina maji maji kooni. Tumhamishe au tumuache? Huyu mzee kanisomesha kwa kulima pamba, sitaki nije nijute.

Mzawa wa Nyegezi
Pole sana mkuu. Mpelekeni Bugando, tena siku hizi daraja la Kigongo-Busisi lipo tangu Juni 2025, hamsubiri kivuko, gari la wagonjwa linapita moja kwa moja. Zamani mgonjwa anaishia kwenye foleni pale Busisi.

Nesi wa Zamu
Mkuu kabla ya mambo ya rufaa mpigie mdogo wako SASA HIVI aache kumpa huo uji. Kukohoa akimeza na sauti ya maji maji maana yake koo limepooza pia na chakula kinaingia kwenye njia ya hewa, kikifika kwenye mapafu anapata nimonia, na nimonia inaua wagonjwa wengi wa kiharusi waliokuwa wameshavuka siku za mwanzo. Hata maji na vidonge asipewe kwa mdomo. Amwambie nesi wa wodini wampime kumeza, akishindwa wamuwekee mpira wa kulishia puani, na kichwa kiinuliwe muda wote. Halafu ageuzwe kila baada ya masaa mawili asipate vidonda vya kulalia, na akigeuzwa asivutwe ule mkono uliopooza, bega linachomoka kirahisi sana.

Bi Mkubwa wa Katoro
Mimi nasema ukweli bibi yangu alikandwa na akatembea, msidharau. Mfanyieni vyote viwili.

Nesi wa Zamu
Bi Mkubwa nakuheshimu na sikatai kwamba bibi alitembea. Ila wengi hurudisha nguvu zenyewe kwenye miezi mitatu ya mwanzo, akandwe asikandwe, kwa hiyo sifa anachukua aliyekuwa karibu. Na upande uliopooza mara nyingi hauhisi joto, nimepokea wagonjwa wameungua ngozi kwa hayo maji ya moto bila hata kushtuka.

Sasa Ngosha, swali lako la siku kupita. Ile dawa ya kuyeyusha bonge la damu inatolewa ndani ya masaa manne na nusu tangu dalili zianze, kwa mzee hiyo imepita. Ila CT scan bado inahitajika sana, kwa sababu kuna kiharusi cha mshipa kuziba na kuna cha mshipa kupasuka damu ikavujia kwenye ubongo, kwa macho hata bingwa hawezi kuvitofautisha kwa uhakika. Wa kuziba anapewa aspirini, wa kuvuja ukimpa aspirini unamuongezea balaa. Tena mtu asije akamtafunisha aspirini huko njiani kwa kusikia mtandaoni! Bugando waombeni wampime na moyo kwa ECG, mapigo yasiyo na mpangilio yanatengeneza mabonge yanayopanda kichwani.

Mzawa wa Nyegezi
Mwambie na baba mdogo hiki kitu sio cha kurushiwa, kuna utafiti ulifanyika Hai kule Kilimanjaro na Dar kuanzia 2003 hadi 2006 ukaonyesha viharusi Dar ni vingi kuliko hata nchi nyingi za wenzetu matajiri, na Hai vinalingana na vya kwao. Presha watu hawapimi, au wanameza dawa wiki mbili wakijisikia freshi wanaacha.

Ngosha wa Mbagala
Asanteni sana ndugu zangu. Uji umeachwa na mpira wameweka usiku huu huu, nesi wa pale kasema tumewahi. Shangazi nimeongea nae kwa utulivu nikamwelezea habari ya damu kuvuja, kakubali, baba mdogo bado ananuna ila kesho asubuhi wanatoka. La mwisho, mimi nina miaka 38 leo nimepima famasi ikasoma 152/96, nianze kutumia vidonge vya mzee vilivyobaki nyumbani?

Nesi wa Zamu
Hapana, usiguse vidonge vyake. Leo una mawazo lazima ipande. Pima tena siku nyingine tofauti, ukiwa umekaa umetulia dakika tano, mkono umeegemea meza, bila kahawa wala sigara nusu saa kabla. Ikiendelea kuwa 140/90 au zaidi nenda kliniki uanzishiwe dawa yako, na upime sukari siku hiyo hiyo. Chumvi kwa siku isizidi kijiko kimoja cha chai, hesabu na iliyomo kwenye dagaa wa chumvi na chipsi.

Na mzee akishapokelewa Bugando mdogo wako aulizie mapema mtu wa mazoezi ya viungo na wa kufundisha kuongea, asisubiri siku ya kuruhusiwa.