Baridi yabisi na shingo: kwa nini nipigwe picha ya shingo kabla ya upasuaji wa goti?

Mama Tuli:

Habari zenu nyote. Nimeishi na baridi yabisi kwa miaka mingi. Ulinianzia kwenye vifundo vya vidole na viganja, ukashuka magotini, na sasa goti moja limeharibika kiasi cha kuhitaji kubadilishwa. Nilipokutana na daktari wa usingizi kwa maandalizi ya upasuaji huo, jambo la kwanza alilotaka halikuhusu goti hata kidogo: aliagiza nipigwe eksirei ya shingo, moja nikiwa nimeinamisha kichwa na nyingine nikiwa nimekiinua. Nilimweleza kwamba shingo hainisumbui sana, isipokuwa maumivu ya kisogoni yanayokuja na kuondoka, ambayo nimekuwa nikiyadhania kuwa ya mto. Akasema hiyo ni sababu nyingine ya kuitaka picha hiyo, lakini wagonjwa walikuwa wengi na hakupata nafasi ya kufafanua.

Naomba wenye ujuzi wanieleze ugonjwa wa viungo vya mikono unafikaje shingoni, na usingizi wa upasuaji unahusianaje na jambo hilo. Pia nina mdogo wangu wa kiume mwenye ule ugonjwa unaogandisha uti wa mgongo, ambao tunaambiwa ni wa jamii hiyohiyo ya magonjwa ya viungo. Je, shingo zetu ziko katika hatari ileile?

Tabibu wa Viungo:

Mama Tuli, daktari wako amefanya kazi yake vizuri, ingawa alipaswa kukueleza sababu.

Shingo ina pingili 7, na mbili za juu hazifanani na nyingine. Ya kwanza, atlasi, ni pete inayobeba fuvu. Ya pili, aksisi, ina kijino cha mfupa kinachochomoza kuelekea juu na kuingia ndani ya pete hiyo, na takriban nusu ya uwezo wetu wa kugeuza kichwa kulia na kushoto hutoka hapo. Baina ya pingili hizo mbili hakuna diski, yaani ule mto laini unaotenganisha pingili nyingine. Zinashikiliwa na ligamenti, yaani kamba ngumu zinazounganisha mfupa na mfupa, hasa ile inayokatiza nyuma ya kijino na kukizuia kisirudi nyuma kuelekea ugwe mgongo, ambao ndio njia kuu ya neva kutoka kwenye ubongo kwenda mwilini. Sasa, kijino na ligamenti hiyo vimepakana na utando laini uleule unaotoa ute wa viungo, ambao kinga ya mwili iliyokosea adui huushambulia kwenye vidole vyako. Utando huo ukivimba na kunenepa kwa muda mrefu, hula mfupa wa kijino na kuilegeza ligamenti, na hapo pingili ya kwanza huanza kuteleza mbele ya ya pili kila unapoinamisha kichwa.

Ndiyo maana picha moja ya kusimama wima haitoshi. Kwa mtu mzima, nafasi iliyopo kati ya atlasi na kijino kwa kawaida haizidi milimita 3, na mtelezo unaweza usionekane mpaka shingo ikunjwe mbele. Hata hivyo, kipimo kinachotutia wasiwasi zaidi ni cha upande wa pili, yaani nafasi iliyobaki nyuma ya kijino kwa ajili ya ugwe mgongo: ikipungua chini ya milimita 14, uwezekano wa neva kubanwa huwa mkubwa, na huagizwa kipimo cha MRI, yaani picha inayopigwa kwa nguvu ya sumaku, ili ugwe wenyewe uonekane. Kwa baadhi ya wagonjwa wenye ugonjwa wa siku nyingi, mifupa ya pembeni ikishaliwa, fuvu hudidimia na kijino hupanda kuelekea shina la ubongo. Hali hiyo ni nadra zaidi lakini ni mbaya zaidi. Pingili za chini nazo zinaweza kuteleza, moja juu ya nyingine, kama ngazi.

Kuhusu usingizi: ukiwa macho, misuli ya shingo huilinda bila wewe kujua. Ukilazwa kwa dawa, misuli hulegea, na wakati huohuo kichwa hupangwa na kusogezwa ili mpira wa hewa upite kooni. Shingo iliyolegea inaweza kuumia hapo hata kama haijawahi kukuuma. Daktari wa usingizi akijua mapema, anaweza kupitisha mpira kwa msaada wa kamera bila kuikunja shingo, au kukuchoma sindano ya ganzi mgongoni ili goti lifanyiwe upasuaji ukiwa macho, ingawa hata hapo ataiandaa njia ya hewa kwa tahadhari ileile.

Niongeze kwamba madhara haya yamepungua sana tangu methotreksati na dawa mpya za kibayolojia, ambazo hutuliza kinga ya mwili iliyokosea, zianze kutumika mapema. Tunayaona zaidi kwa wagonjwa waliokaa miaka mingi bila ugonjwa kudhibitiwa, hasa wenye vidole vilivyopinda sana.

Mgongo Mkaidi:

Mimi ninao ugonjwa alio nao mdogo wako, kwa hiyo nijibu upande huo. Ni jamii moja, lakini shingoni mambo huenda kinyume kabisa: hatari yako ni shingo kulegea kupita kiasi, na hatari yake ni shingo kuganda. Ugonjwa wetu huanza mara nyingi kabla ya umri wa miaka 45, kwenye viungo vinavyounganisha uti wa mgongo na nyonga, kisha hupanda taratibu. Sehemu ligamenti zinaposhikamana na mfupa huvimba, na zinapopona hujenga mfupa mpya, mpaka pingili zinaungana kuwa fimbo moja. Wengine shingo huganda ikiwa imeinama, wakashindwa kutazama mbele bila kupinda magoti.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui, na ambalo ningependa familia yake ilijue, ni kwamba uti ulioganda ni dhaifu kuliko unavyoonekana. Mfupa wa ndani hupungua uimara, na kwa kuwa hakuna diski inayonyumbulika, anguko dogo la kutoka kwenye kiti linaweza kuivunja shingo, mara nyingi sehemu yake ya chini. Eksirei ya kawaida inaweza kuukosa mvunjiko huo, kwa hiyo akianguka na kupata maumivu mapya ya shingo, asikubali kurudishwa nyumbani bila kipimo cha CT, yaani eksirei za kompyuta zinazoonyesha mfupa tabaka kwa tabaka. Na wanaomsaidia wasimlaze chali kwa nguvu wakitaka kuinyoosha shingo ambayo ilikuwa imepinda tangu zamani. Wamshikilie katika mkao wake wa kila siku, wakiweka mito chini ya kichwa. Kuinyoosha ndiko kunakoweza kuukata ugwe mgongo. Mimi nimeliandika hilo kwenye kadi niliyoiweka ndani ya pochi.

Mnyoosha Viungo:

Nafanya kazi ya tiba ya viungo. Ninakubaliana na yaliyosemwa, ila nisingependa kila mwenye baridi yabisi aanze kuiogopa shingo yake. Maumivu mengi ya shingo, hata kwa wenye ugonjwa huo, hutokana na misuli iliyokaza au uchakavu wa kawaida wa diski na gegedu, ambao hupenda sehemu ya chini ya shingo. Maumivu yanayokaa juu, pale fuvu linapokutana na shingo, na kupanda kisogoni, ndiyo yanayostahili kuchunguzwa zaidi.

Jambo ambalo sitalegeza ni hili: kabla picha hazijasomwa, mtu yeyote asiizungushe shingo yako kwa ghafla ili isikike mlio, awe mtaalamu au kinyozi. Mazoezi ya kukaza misuli bila kuisogeza shingo yanaweza kufaa baada ya daktari kuruhusu. Kola laini hupunguza maumivu na kukukumbusha usiiname sana, lakini haizuii pingili kuteleza, kwa hiyo isichukuliwe kuwa ni kinga. Kwa mdogo wako ni tofauti: yeye anahitaji mazoezi ya kunyoosha mwili kila siku na mto mwembamba, kwa sababu mto mnene huifundisha shingo kuganda ikiwa imeinama.

Mama Tuli:

Nawashukuru sana. Mmenifumbua macho, lakini mmenizidishia swali. Hivi karibuni vidole vimekuwa vizito kufunga vifungo vya nguo, na mara mbili tatu, nilipoinama kuchukua kitu, nimehisi kama umeme ukishuka mgongoni. Vidole nimevihesabu kuwa ni ugonjwa uleule wa zamani. Je, vinaweza kuwa na uhusiano na shingo?

Tabibu wa Viungo:

Vinaweza, na huo umeme ndio unaonifanya nikujibu upesi. Tatizo la baridi yabisi ni kwamba viungo vilivyoharibika huuficha udhaifu wa neva: mikono ikiwa mizito, mgonjwa na hata daktari husema ni vidole, na miguu ikiyumba husema ni magoti. Anayekupima atatofautisha kwa kupima nguvu za misuli, hisia za ngozi, na jinsi miguu inavyoruka inapogongwa kwa nyundo ndogo. Usisubiri tarehe ya upasuaji wa goti. Wasiliana na daktari wako wa viungo kesho, umweleze mambo hayo mawili kwa maneno uliyotumia hapa, na uombe eksirei iharakishwe na MRI ifikiriwe. Ukianza kushindwa kuzuia mkojo, kupoteza nguvu za mikono au miguu, au kuyumba unapotembea, nenda kitengo cha dharura siku hiyohiyo.

Ikithibitika kuwa ugwe mgongo unabanwa, upasuaji wa shingo hutangulia ule wa goti. Pingili mbili za juu huunganishwa kwa skrubu ili zisiteleze tena. Utapoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kugeuza kichwa, na utalazimika kugeuka na mabega, lakini lengo kuu ni kuzuia neva zisiharibike zaidi. Zilizokwisha kufa hazirudi zote, na ndiyo maana hatupendi kungoja mpaka mtu ashindwe kutembea.