Naomba ushauri: mbwa wangu wa miezi minne anapinda miguu ya mbele, na chakula nampikia mwenyewe

Mzawa wa Kimara:
Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada, nina wasiwasi kweli.

Nina mbwa dume, mchanganyiko wa German Shepherd na mbwa wetu wa kawaida, anaitwa Simba. Ana miezi minne na kilo 12. Mwanzo nilikuwa namnunulia chakula kikavu cha madukani, bei ikanishinda, nikaanza kumpikia. Kila asubuhi nachemsha mapupu na vipande vya nyama kutoka buchani, nasongea ugali wa sembe humo humo kwenye supu, siku nyingine naweka wali na karoti. Anakula mpaka bakuli linasogea ukutani.

Sasa wiki mbili hizi naona miguu ya mbele imepinda kwenda nje, na vifundo vimevimba. Leo amefika kwenye ngazi mbili za barazani, akasimama chini, akanitazama, akalala pale pale. Wiki iliyopita alikuwa anaziruka kwa mara moja. Nimekosea wapi? Natanguliza shukrani.

Bint Korogwe:
Pole sana. Mifupa unampa?

Mzawa wa Kimara:
Hapana dada, niliogopa itamkwama kooni.

Mfugaji Kibaha:
Mkuu pole, na umefanya vyema kuuliza mapema. Nimefuga mbwa miaka mingi na hilo limenikuta kwa mtoto wa mbwa wangu wa pili. Nilimlisha nyama tupu nikidhani namjali.

Tatizo ni kalsiamu. Nyama na mapupu vina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, sembe na wali navyo haviongezi kitu cha maana. Mwili ukikosa kalsiamu kwenye chakula unaichukua kwenye mifupa, na mtoto wa mbwa mkubwa anayekua haraka ndiye anaumia zaidi. Mifupa inakuwa laini huku uzito unaongezeka, lazima ipinde.

Mimi napika hivi. Dagaa wa Mwanza wasio na chumvi, nawakata vichwa, naosha maji matatu au manne mpaka mchanga uishe chini ya beseni, naanika, natwanga unga. Dagaa analiwa na mifupa yake, ndiyo faida yenyewe. Maganda ya mayai nayo nachemsha, nakausha, nasaga mpaka yawe laini kama unga wa ngano. Ukipitisha kidole usisikie punje. Nusu kijiko cha chai kwa kila nusu kilo ya chakula kilichoiva, usizidishe, maana kalsiamu ikipita kiasi nayo inaharibu mifupa ya mbwa wa aina kubwa. Nyama na dagaa viwe karibu nusu ya sufuria, kinachobaki ni ugali na mboga: boga, mchicha, karoti. Maini kidogo tu, mara moja au mbili kwa wiki.

Lakini kwanza mpeleke kwa daktari wa mifugo. Mguu ukishapinda, chakula peke yake hakitoshi.

Mjomba Ilala:
Mbona mbwa wa mtaani hawapikiwi chochote na miguu yao imenyooka? Muweke juani asubuhi, mpe maziwa, atapona.

Mfugaji Kibaha:
Mjomba, mbwa wa mtaani anakula panya mzima, vichwa vya samaki na mifupa mibichi ya machinjioni. Kalsiamu anaipata huko. Na jua halimsaidii kama linavyotusaidia sisi, ngozi ya mbwa haitengenezi vitamini D ya kutosha, lazima aile kwenye samaki na kiini cha yai. Maziwa ya ng'ombe yanawaharisha mbwa wengi.

Nyar Kisumu:
Huku kwetu dagaa ni omena, na mbwa wangu wawili wamekulia omena. Naongeza moja: hiyo supu usiunge kitunguu wala kitunguu saumu. Vinaharibu chembe nyekundu za damu kwa mbwa, na kuviivisha hakusaidii. Mimi nilikuwa nampa yule mkubwa mabaki ya mchuzi wa nyumbani, fizi zikaanza kupauka. Na mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe kabisa, inapasuka vipande vikali kama sindano.

Dada wa Mpwapwa:
Angalieni na mahindi jamani. Watu wengi wanachagua yale yaliyoota ukungu wanasema "haya ya mbwa". Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu huku Dodoma na Manyara, na mbwa inamuua haraka vilevile, inakula ini. Kupika hakuiondoi. Unga usioula wewe, usimpe mbwa.

Bint Korogwe:
Na mapupu yaive kabisa. Yakiwa mabichi yanaweza kuwa na malengelenge ya minyoo, akishayala anaweza kuwaambukiza hata watoto nyumbani. Dawa ya minyoo ulimpa lini?

Mzawa wa Kimara:
Nashukuru sana ndugu zangu. Jana nilimpeleka. Daktari amemkanda vifundo, akapiga picha, akasema mifupa imekosa kalsiamu na kwa umri wake inaweza kunyooka. Amenipimia dozi ya kalsiamu, kwa hiyo maganda ya mayai nayasubirisha mpaka nirudi kwake baada ya wiki tatu. Minyoo nilikuwa nimechelewa, amepewa dawa pale pale. Amesema asiruke, asipande ngazi, asikimbie kwenye vigae, na ale mara tatu kwa siku.

Leo nimesonga ugali wa dona na unga wa dagaa, mchicha, na yai moja. Amenusa muda mrefu kuliko kawaida, halafu amemaliza. Ngazi za barazani nimezizuia kwa ubao.

Swali moja kwa Mfugaji Kibaha: unga wa dagaa ukishatwangwa unakaa siku ngapi bila friji?

Mfugaji Kibaha:
Ukikauka vizuri na kopo likifungwa, wiki mbili hauna shida. Ukianza kunukia kama mafuta yaliyochacha, mwaga, twanga mwingine.