Ushauri: Binti anataka ukocha wa polo ya maji chuoni, mama yake anataka uhasibu

Baba Tatu
Wakuu habari zenu. Tupo California tangu watoto wakiwa wadogo. Binti yangu amemaliza chuo, kasomea uhasibu, lakini akili yake yote ilikuwa bwawani: alikuwa kipa wa polo ya maji. Sasa chuo kimoja kidogo kinamtaka awe kocha msaidizi. Hela yenyewe ya kijungujiko, bima ya afya hakuna. Mama yake amenuna, anasema hatukuvuka bahari ili mtoto akapige kelele kando ya bwawa. Wenye uzoefu nisaidieni.

Mpemba wa Bara
Polo si ile ya farasi? Wanaogelea nao?

Kanyagamaji
Hakuna farasi mkuu 😂 Ni kama handiboli ndani ya maji, saba kwa saba.

Mzee, kazi hiyo ya usaidizi nimeifanya. Nafasi ni chache. Ubingwa wa wanaume wa NCAA (chama cha michezo ya vyuo Marekani) ulianza 1969 na haujawahi kuchukuliwa na chuo cha nje ya California, kwa hiyo mko panapofaa, ila kila aliyecheza hapo anaililia nafasi hiyohiyo. Na msaidizi hafundishi tu. Ni yeye wa kukata video za mechi, kuendesha gari la timu na kuwaandikia vijana wa sekondari anaowawinda. Wanaume hucheza Septemba hadi Desemba, wanawake Januari hadi Mei, na vyuo vidogo humbebesha kocha mmoja timu zote mbili. Kiangazi unasaka wachezaji. Likizo sahau.

Dada Mizania
Samahani baba, mimi niko na mama. Mchezo huu hauingizi hela kama kikapu, bajeti ikibana unafyekwa. Chuo Kikuu cha Massachusetts kilifuta timu zake 2002. Shahada yake ya uhasibu hakuna wa kuifuta.

Kanyagamaji
Dada, hilo kweli. Lakini Adam Krikorian naye alianza kwa usaidizi hapo UCLA (Chuo Kikuu cha California, Los Angeles) alipochezea, akapanda hadi kocha mkuu, kisha akaipa timu ya wanawake ya Marekani dhahabu tatu za Olimpiki mfululizo. Ni mmoja kati ya wengi, nakubali.

Mwalimu wa Fresno
Mnabishana bure, anaweza kushika yote mawili. Swali ni anapewa timu ipi. Akipewa ya wanaume peke yake, Desemba msimu umekwisha, na Januari hadi katikati ya Aprili ndipo ofisi za kuwajazia watu fomu za kodi zinapotafuta wahasibu. Akipewa ya wanawake, misimu inagongana, asahau.

Bima isiwape presha: anaruhusiwa kubaki kwenye bima ya mzazi mpaka afikishe miaka 26. Ila aulize kama chuo kitamlipia ada ya uzamili. Vyuo vya jamii (vile vya miaka miwili) hapa California huhitaji uzamili kwa walimu wa kinesiolojia (sayansi ya mwendo wa mwili na mazoezi), na wengi wao ndio makocha haohao. Hapo ndipo penye mshahara wa kueleweka na pensheni. Wasipolipa ada, mimi ningekataa.

Baba Tatu
Ahsanteni sana. Ni timu ya wanaume! Hiyo ya kodi nimemsomea mama yake, sasa ananiuliza ofisi zipi. Binti anawaandikia chuo leo kuhusu ada. Kanyagamaji, nakufuata inbox, kuna mambo ya mkataba siwezi kuyaweka hapa.