Mjadala: Tasnifu ambayo mtu wa nje ya chuo hawezi kuielewa, ipitishwe?

MLETA MADA
Wakuu, pendekezo langu ni moja. Kila tasnifu ya umahiri au uzamivu (shahada ya pili au ya tatu) iwe na kurasa tatu za mwanzo zinazoeleza matokeo kwa Kiswahili cha kawaida. Mtu aliyemaliza kidato cha nne akizisoma asielewe, kazi irudishwe kwa mwandishi, kama inavyorudishwa ikiwa na marejeleo mabovu.

Najua mtasema sayansi haiandikiki hivyo. Basi mkumbukeni Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba kule Lushoto, yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Kawaida walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakayaacha yapoe ndipo yaingie kwenye friji. Siku hiyo nafasi ilikuwa inagombewa, akaingiza yake yangali ya moto. Aliporudi akakuta yake yameganda, ya mwenzake ambaye hakuchemsha bado ni uji mzito. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mwalimu wake, akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipokwenda kuzungumza shuleni hapo, kijana akasimama akauliza tena, darasa likacheka. Osborne akalipeleka swali maabara. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education.

Sehemu ya Mpemba inaanza na jina lake, halafu anasema atasimulia ugunduzi uliotokana na kulitumia friji vibaya. "Mimi" imo toka mwanzo. Jarida likaipokea.

Sasa someni hii: "Utafiti huu ulilenga kuchunguza suala zima la matumizi ya misimu katika mazungumzo ya makondakta wa daladala ambapo ilibainika kuwa kwa kiasi kikubwa matumizi hayo husababishwa na sababu mbalimbali." Nimeitunga mimi, lakini aliyewahi kushinda kwenye rafu za tasnifu anaijua. Hakuna istilahi hata moja ngumu humo. Ugumu unatokana na kwamba haijasema kitu. Jaribuni kuirahisisha. Mtakwama kwenye "sababu mbalimbali", kwa maana ili uandike "makondakta hutumia misimu wasitake abiria wajue nauli imepanda" lazima kwanza uwe umeligundua jambo hilo. Ndiyo maana nazitaka kurasa tatu: zitatuonyesha nani amekwenda uwandani akarudi na kitu.

MWANAFUNZI WA UMAHIRI, DODOMA
Mkuu, umesahau nani ana kalamu nyekundu. Rasimu yangu ya kwanza niliandika "niliwahoji makondakta kumi". Ikarudi imekatwa: andika "mtafiti aliwahoji". Nikauliza mtafiti huyo ni nani kama si mimi, nikaambiwa ndio utaratibu. Sasa sura nzima ya tatu namzungumzia mtu anayeitwa mtafiti, anayeamka, anayepanda daladala, anayenunua vocha kuwapigia wahojiwa. Nimeanza kumhurumia.

Na hizo "sababu mbalimbali" zina kazi yake. Ukisema moja kwa moja "sababu ni nauli", siku ya kutetea kuna mtu atakuuliza mbona hukutaja polisi wa usalama barabarani. Ukisema "mbalimbali" umejikinga. Sisi hatuandiki kwa ajili ya wananchi. Tunaandika kwa ajili ya watu watatu wanaoweza kutufelisha.

MHADHIRI WA FIZIKIA
Mleta mada, mfano wako ni mzuri ila umeukata katikati. Makala ile ina sehemu mbili. Ya Osborne ina maji, vyombo vya maabara, vipimo na grafu. Bila hiyo, aiskrimu ya Mpemba ingebaki hadithi ya bwenini.

Halafu angalia neno "kuganda", ambalo hata mtoto analielewa. Unaanza kuhesabu lini: joto linapofika nyuzi 0, barafu ya kwanza inapotokea, au chombo kizima kinapokuwa barafu? Ni mambo matatu tofauti, na majibu yake si lazima yalingane. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha katika Scientific Reports majaribio yaliyopima muda wa maji kushuka hadi nyuzi 0, wakasema hawakuona ushahidi wa maana wa athari ya Mpemba, yaani cha moto kuganda kabla ya cha baridi. Walionyesha pia kwamba hata kimo cha kipimajoto ndani ya chombo kinaweza kukupa jibu la uongo. Wengine wakawapinga kwamba kufika nyuzi 0 siko kuganda. Neno jepesi limeficha ugomvi wa miongo. Mtu wa kidato cha nne atasoma kurasa zako tatu, ataamini ameelewa, na atakuwa hajaelewa.

KUTOKA ELDORET
Mimi naunga mkono mhadhiri, ila kwa upande wa fasihi. Mwaka 1998 jarida la Philosophy and Literature lilimpa Judith Butler, mwanafalsafa wa Marekani, ushindi wa kwanza katika shindano lake la uandishi mbaya, kwa sentensi moja yenye maneno zaidi ya tisini. Yeye akajibu katika New York Times mwaka uliofuata kwamba lugha ya kawaida imebeba mazoea yetu, na anayetaka kuyatikisa mazoea hayo wakati mwingine hana budi kutoka nje ya lugha hiyo. Ile sentensi siitetei, nimeisoma mara kadhaa na bado inaniteleza. Hoja yake naitetea. Hapa Kenya mwanafunzi wa uzamifu akichambua mashairi kwa nadharia ya ufeministi, huwezi kumwambia aeleze "mfumo dume" kwa lugha ileile ambayo mfumo dume unaitumia kuwanyamazisha mama zake.

MLETA MADA
Eldoret, "mfumo dume" leo linatamkwa redioni na kwenye vikao vya kijiji. Limeeleweka kwa sababu kuna watu walikaa wakalieleza, tena walieleza kwa Kiswahili hichohicho.

Mhadhiri, hoja yako nzito, lakini naona iko upande wangu. Umetueleza tofauti za kuganda kwa sentensi mbili na sote tumekufuata. Hizo sentensi mbili ndizo ninazozidai kwenye kurasa tatu. Sijasema mtu afute grafu. Na mtazame jambo hili: swali la Mpemba lilikuwa wazi kiasi kwamba yeyote mwenye friji angeweza kulijaribu, na wamelijaribu hadi wengine wakalikataa. Sentensi ya "sababu mbalimbali" nani ataikataa? Utaanzia wapi?

Dodoma ndiye aliyenigusa. Ni kweli, woga ndio unaoandika. Kwa hiyo sharti lisiishie kwa mwanafunzi. Mwongozo wa chuo useme wazi kwamba "niliwahoji" inaruhusiwa, ili msimamizi asipate pa kuikatia.

MTAHINI MSTAAFU
Vijana, nimesoma tasnifu nyingi kuliko magazeti. Kalamu nyekundu ninayo mpaka leo. Sheria ya "mtafiti" tuliipokea kwa walimu wetu, nao waliitoa kwenye miongozo ya Kiingereza ya zamani. Majarida mengi ya Kiingereza yameshaiacha, sisi bado tunailinda. Hilo nakubali lifutwe hata kesho.

Kurasa tatu nazikataa, na si kwa sababu alizotoa mhadhiri. Ninyi hamjui zitaandikwaje. Mwanafunzi atachukua ikisiri yake, ule muhtasari wa mwanzo, ataondoa istilahi, ataongeza "kwa ujumla" mara nne, na tutakuwa na kurasa tatu zaidi za ukungu uleule. Halafu nani atahukumu kwamba zimeeleweka? Mimi? Mimi naielewa hata ile ya daladala, maana najua ilitaka kusema nini.

MLETA MADA
Mzee, ndiyo maana asihukumu mtahini. Apewe mwalimu wa sekondari wa somo jingine kabisa, azisome, aandike nusu ukurasa wa alichokielewa. Mwandishi akikubali kwamba ndicho alichokisema, zimepita.

MWANAFUNZI WA UMAHIRI, DODOMA
Na posho ya huyo mwalimu inatoka wapi? Maana nimesikia "kila tasnifu", na mimi nimeshalipia uchapaji, ujalidi na nakala nne. Mkiniambia ni chuo, naunga mkono hoja. Mkiniambia ni mimi, basi mtafiti anaomba kujiondoa kwenye mjadala.