Mafundi gari wa Unguja na Pemba, tupeane uzoefu: kazi, malipo na heshima

Spana 14:
Assalaam alaykum jamani. Nipo gereji upande wa Mwanakwerekwe, kazi yangu mambo ya chini: shokapu, bushi, boljointi, breki. Kuna jambo linaniudhi kila wiki. Mteja anakwenda dukani ananunua shokapu mbili, anatoa laki na nusu wala habishi. Akirudi nikamwambia ufundi elfu ishirini, anashika kichwa. "Ami, bolti tatu tu elfu ishirini?"

Hizo bolti tatu aje azifungue yeye. Gari kutwa inapeleka wageni Nungwi na Paje, inakula upepo wa bahari, bolti za chini zimeota kutu mpaka kichwa hakina pembe. Unapiga brashi ya waya, unatia dizeli unaiacha inywe, unagonga pole pole kwa nyundo, unaikaza kidogo kwanza ndo uifungue. Ikikataa unaipiga moto. Sasa ikatike! "Fundi umeniharibia gari." Kutu ya miaka kaikuta pale, lakini mwenye spana mkononi ni mimi, basi nilipe mimi.

Elezeni yaliyokukuteni. Malipo, ajali, posa, chochote. Wateja pia karibuni. Majina ya watu na magereji tuyaache.

Mtu wa Chake:
Wa alaykumu salaam. Nyinyi huko duka la spea mnalifuata kwa miguu. Huku Pemba gari inakaa juu ya matofali wiki nzima, spea itoke Dar, ivuke Unguja, ivuke tena mpaka Mkoani. Ikifika siyo, tundu zinapishana. Mteja yeye hajui habari za meli, anajua gari iko kwako. Kuna mmoja alinisimamisha msikitini tunatoka sala ya Ijumaa, mbele ya watu, akaniuliza kama gari yake nshaiuza.

Siku hizi sifungui kitu mpaka nipige picha ya namba ya chesisi na spea yenyewe nimtumie mwenye duka. Hata hivyo lawama hazijesha.

Mpwa wa Fundi:
Umesema posa. Ilipopelekwa yangu, shangazi aliulizwa kijana anafanya kazi gani, akajibu "yuko kampuni ya magari". Kampuni yenyewe ni mwembe, mabati manne na kontena bovu. Nimeoa alhamdulillahi, lakini mpaka leo baba mkwe ananiuliza mshahara umeshaingia? Mwezi mwengine nna laki nane, mwengine elfu hamsini sina, hasa Ramadhani ya katikati, watu wanatunza pesa za sikukuu. Naanzia wapi kumweleza mtu aliyestaafu serikalini?

Bint Ovaroli:
Mimi ni fundi, mwanamke, nimesoma ufundi magari mafunzo ya amali. Nipo chini ya gari, miguu tu inaonekana, mteja anasema "fundi, breki inalia". Nikitoka akaniona: "Fundi yuko wapi?" Nshazoea, namwambia kaa hapo kwenye kiti anakuja, halafu narudi chini naendelea na kazi.

Gereji ya kwanza niliambiwa nifagie na nipike chai, wenzangu niliomaliza nao wanashika injini. Hapo sikukaa. Nilipo sasa, wateja wengi wa kike wananitafuta mimi, wanasema naweza kuwaeleza tatizo bila kuwacheka.

Wasichana mnaotaka kuingia: mtandio uchomekeni wote ndani ya ovaroli. Feni ya rejeta ya umeme inaweza kuwaka yenyewe hata injini imezimwa, ikiwa bado ya moto. Hilo skuli walituambia, gereji sijamsikia mtu akilisema.

Babu Vespa:
Nyinyi wa magari mnalia, mimi wa Vespa niseme nini? Kijana anachanganya oili kwa macho, injini ikikwama silinda ananiletea na ghadhabu. Mililita 20 kwa lita moja ya petroli, mwanangu. Kuna watu nimewaandikia kwa rangi ndani ya kiboksi cha mbele.

Waya Chungwa:
Fundi umeme hapa, Amani. Zamani umeme wa gari ulikuwa volti 12, ukikosea unaunguza fyuzi. Sasa hizi haibridi, gari za petroli na umeme pamoja, zimejaa mjini. Betri kubwa ya Prius inapita volti 200, na waya zake zimepakwa rangi ya machungwa makusudi ili ujihadhari. Mimi hayo nimejifunza kwenye simu, usiku, kwa bando langu. Nikamwomba mwenye gereji glavu za mpira za umeme, akaniletea za kuoshea vyombo, za waridi.

Zanzibar tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya 2005. Nilipoitaja akaniambia nenda kafanye kazi kwa hiyo sheria.

Mwenye Noah:
Mimi ni mteja, naomba nisipigwe mawe. Niliacha gari kwa fundi ibadilishwe mpira wa injini, kazi ya siku moja, jioni shemegi yangu kaiona Bububu imejaa vijana na muziki juu. Nilipoichukua, mafuta yamekauka na jeki yangu haimo. Nikiuliza, fundi ananiambia "nilikuwa naijaribu". Kujaribu mpaka Bububu? Heshima nataka kuitoa, lakini nipeni na mimi kitu: bei ya ufundi niijue kabla hujafungua, na spea ya zamani nirudishiwe niione.

Spana 14:
Mwenye Noah, hilo la spea ya zamani sina ubishi, mimi naitia kwenye buti bila kuombwa. Bei kabla ya kufungua ndo mtihani. Injini inayochemka naweza kukuta thamostati, naweza kukuta gasketi, naweza kukuta hedi imepinda. Ntakutajia ya kukagua, nikishaona ntakupigia. Ila ukitajiwa ya kukagua uilipe, hata kama utaipeleka gari kwengine. Wengi hapo ndo wanapokasirika.

Jirani wa Mutrah:
Nipo Maskati, gereji za Wadi Kabir. Huku kuanzia Juni mpaka Agosti kazi za juani zinasimama saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa na nusu, ni sheria. Lifti, viatu, vyote vipo. Lakini pasi yangu anayo bosi na likizo naomba kama sadaka. Msije mkadhani.

Dogo wa Jeki:
Naandika kwa akaunti mpya. Nipo kujifunza, mshahara sina, napewa ya chai na nauli, siku nyengine nauli tu. Juzi nimetolewa chini ya gari na Mungu. Ilinyanyuliwa kwa jeki peke yake, chini mchanga, mimi nafungua sampo, bakuli la oili chini ya injini. Jeki ikalala ubavu. Bahati tairi tuliyoitoa nilikuwa nimeilaza chini ya bodi, gari ikaikalia ile ringi, ikaniachia nafasi ya kifua tu. Nasikia harufu ya oili, siwezi kugeuza shingo. Wenzangu wameinyanyua kwa mikono. Bosi katoka mbio, kainama, neno lake la kwanza: "Ringi imekunjika?"

Naipenda kazi, siachi. Ila nimeuliza nikivunjika nani atanitibu, nikaambiwa naleta mkosi.

Mtu wa Chake:
Subhanallah.

Mpwa wa Fundi:
Dogo, pole sana. Huyo bosi ni mwajiri hata kama hajakuandikia karatasi, nenda ofisi ya kazi kaulize. Na ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii Zanzibar, kuna mpango wa hiari kwa sisi tusioajiriwa rasmi, unachangia mwenyewe kidogo kidogo. Hautakutibu mguu, lakini uzeeni utakuwa na chako.

Bint Ovaroli:
Kabla ya ZSSF atafute stendi. Jeki ni ya kunyanyulia, gari ikishapanda inakaa juu ya stendi, na chini kwenye mchanga tieni ubao mnene. Matofali ya saruji yanapasuka bila kukuaga. Bosi akikataa kununua, changeni nyinyi wanafunzi.

Dogo wa Jeki:
Tushachanga dada, tumenunua mbili. Bosi kazifungia ofisini kwake, kasema zikikaa nje zitaibiwa.