Wenye aleji hapa Tabora mnaishije? Tupeane uzoefu

Binti Isevya: Wadau, habari za jioni. Leo nimepita sokoni nikakuta maembe yameanza kuingia, mwili ukanisisimka. Embe nikilimenya kwa meno, kesho yake midomo inatoka malengelenge. Na mji wenyewe ndio huu, kila ua lina mwembe. Mwenye aleji ya chochote aje atuambie anaishije nayo.

Doto wa Cheyo: Utomvu huo dada. Amenye mtu mwingine kwa kisu, wewe usiguse ganda. Mimi ndivyo ninavyokula. Na maganda ya korosho mbichi kaa nayo mbali, mkorosho na mwembe ni ukoo mmoja.

Mzee wa Kaliua: Tumbaku mbona hamuitaji? Ukichuma majani yana umande, jioni kichwa kinazunguka, unatapika. Aleji mbaya sana ile.

Nesi wa Zamu: Shikamoo baba. Hiyo si aleji, ni nikotini inayopenya kwenye ngozi. Vaa glovu na mikono mirefu, usubiri umande ukauke.

Mzee wa Kaliua: Marahaba. Nimelima tumbaku kabla hujazaliwa. Mbona jirani yangu hapatwi?

Nesi wa Zamu: Havuti sigara huyo? Mvutaji mwili wake umeshaizoea nikotini.

Mama Kulwa: Mwanangu ni karanga. Hapa kwetu mboga gani haiungwi karanga? Nsansa karanga, mlenda karanga, matembele karanga. Shughuli ikitokea nambebea chakula chake, mawifi wananuna eti nawadharau. Acha wanune. Walishamlisha kwa siri "azoee", macho yakavimba hadi yakafumba.

Mrina wa Sikonge: Mama Kulwa umenikumbusha mbali. Nyuki nimechomwa tangu utotoni, panavimba, kesho panapungua, basi. Usiku mmoja tuko porini tunarina, moshi tumeshawasha, akanichoma mmoja shingoni na wengine mkononi. Kwanza viganja na nyayo vikawasha kama nimeshika upupu. Halafu mabaka mwili mzima, tumbo likakata, nikatapika. Nataka kumwita kaka, sauti haitoki, koo limebana. Wakanipakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, njia yote mchanga. Nawasikia wanavyoniita lakini kujibu siwezi. Nilijua naacha watoto. Zahanati tuligonga mpaka mganga akaamka, wala hakuuliza mengi. Sindano ya adrenalini pajani, akanilaza, miguu juu, akaweka dripu. Baada ya muda mfupi pumzi zikaanza kurudi. Asubuhi nikataka kuondoka, akakataa, akasema hali hii huweza kurudi baada ya saa kadhaa hata bila kuchomwa tena. Mizinga nimemwachia mdogo wangu.

Binti Isevya: Mungu ni mwema. Nimesoma mikono inatetemeka.

Jembe la Nzega: Ungekunywa maziwa fresh, sumu ingekatika. Bibi zetu walikuwa na adrenalini?

Mrina wa Sikonge: Koo limefunga ndugu yangu, maziwa yapite wapi? Na hao bibi zetu walizika watu wakasema wamerogwa.

Jembe la Nzega: Usiwaingize wazee kwenye mambo yako.

Dereva wa Urambo: Yaacheni hayo. Mimi ni vumbi la kiangazi, napiga chafya mpaka abiria wanashuka. Piritoni inanilaza usingizi, siigusi nikiwa na safari. Nameza setirizini usiku, mchana nafunga leso puani.

Doto wa Cheyo: Vidonge vya deksa (deksamethasoni) ndiyo kiboko. Siku hiyo hiyo umepona.

Nesi wa Zamu: Doto, usiwafundishe watu deksa! Ukiizoea inapandisha sukari na presha, na mifupa inadhoofika ndani kwa ndani. Piritoni na setirizini ni za muwasho na chafya. Koo likibana au mtu akiishiwa nguvu, vidonge havimwokoi, ni adrenalini. Mkimbizeni kituo chochote kilicho karibu, msiivuke zahanati kwa kutafuta hospitali kubwa.

Mama Kulwa: Nesi, mwakani anaanza shule, na uji wa pale unatiwa unga wa karanga. Nifanyeje?

Nesi wa Zamu: Nenda kwa mwalimu mkuu mwenyewe, na mpishi awepo. Uache barua yenye jina la mtoto, karanga, dalili zake na namba yako, ibandikwe jikoni. Uji wake usio na karanga aje nao kwenye kikombe chake mwenyewe, maana upawa wa pale ni mmoja.

Mama Kulwa: Kikombe sikukifikiria. Asante sana.

Mzee wa Kaliua: Nesi, nimemuuliza jirani. Anavuta. Hizo glovu ziwe za mpira au za kitambaa?