Gari limelala: ruzuku, rejesho na hospitali (London, Mei 2020)

K., East Ham, 14 Mei
Wandugu, poleni na kufungiwa kwa korona. Tangu tarehe 23 Machi gari limelala mlangoni. Abiria wangu walikuwa wa Heathrow. Sasa ndege haziji, na Barking Road unaweza kutandika mkeka katikati. Rejesho la gari linasubiri, mama Tanga naye anasubiri. Nasikia waliojiajiri wanapewa hela, ila kadi yangu ya kibali cha kuishi imeandikwa hairuhusu fedha za umma, yaani misaada ya serikali. Nikiichukua sitajiharibia nikija kuomba ukaazi? Kuna aliyejaribu?

R., Barking
Kaka, pole. Nimeomba jana, dirisha lilipofunguliwa tu. Inatoka mamlaka ya kodi na haihesabiwi kuwa fedha za umma. Wanachukua wastani wa faida yako kwa mwezi, mara tatu, unapata asilimia 80 yake, mwisho pauni 7,500. Lazima uwe ulipeleka hesabu za mwaka wa kodi 2018/19. Hapo wengi tutaumia: aliyeandika faida kiduchu ili kodi isimguse, leo anapewa asilimia 80 ya uongo wake. (Msinune, tunajuana.) Universal Credit, ile posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ndiyo usiiguse, ile ni fedha za umma. Wa mkopo wa gari wapigie kabla hujachelewesha. Tangu mwezi jana wameelekezwa kuwapumzisha walioathirika miezi mitatu. Riba hailali lakini.

F., Forest Gate
Jamani, na afya je? Takwimu zilizotoka tarehe 1 mwezi huu zimeiweka Newham, wilaya yetu hii, juu kabisa Uingereza na Wales: vifo 144 vya korona kwa kila watu 100,000. Sishangai. Sisi ndio madereva wa mabasi, wasafishaji, watu wa nyumba za wazee; tukirudi tuko sita, choo kimoja. Utajitenga wapi?

Hapa kwetu kuna kijana alijifukiza mwarobaini siku tisa, anahema kama aliyepanda mlima, hataki hospitali kwa sababu makaratasi yake yameisha. Anaogopa bili, anaogopa uhamiaji. Kupimwa na kutibiwa korona ni bure kwa kila mtu, mwenye karatasi na asiye nazo, na kama ni korona tu hospitali haitakiwi kukagua visa yako. Pigeni 111, simu ya ushauri wa afya. Mtu akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikiwa bluu, ni 999, simu ya dharura, msiniulize kwanza mimi.

Na tunaofanya zamu za wakala: ukiwa na wastani wa pauni 120 kwa wiki, ukiugua unamdai mwajiri malipo ya ugonjwa, pauni 95.85 kwa wiki, na kwa korona inaanza siku ya kwanza. Mimi niliambiwa hakuna kitu kama hicho. Nikadai kwa maandishi, wakalipa.

K.
Ahsanteni. Dada, siku kadhaa zimepita, huyo kijana anaendeleaje?

F.
Alikubali hospitali, ametoka juzi. Namkorogea uji, anasema hasikii ladha yoyote, hata nikitia tangawizi.